Sumaku Isiyotaka Barafu

Siku hiyo sebuleni kwetu Nkunga tulikuwa watano: baba mkubwa, baba mdogo, shangazi, mdogo wangu wa mwisho, na mimi niliyeacha shule ili yeye asome. Jirani yetu hakuingia. Lori la chai lilikuwa linakuja, akaenda kunichumia majani, nami nimlipe kwa kumchumia siku nyingine.

Mdogo wangu alitaka baraka za ukoo kabla ya kwenda nje kusoma. Bila hizo, alisema, haondoki. Akawaeleza utafiti wake: sumaku nyembamba kama tabaka moja la atomu, za kutunza kumbukumbu za kompyuta kwa umeme kidogo. Nyingi hupoteza nguvu zikitoka kwenye baridi kali. Yeye anatafuta itakayodumu katika joto la kawaida la chumbani.

"Chumba kipi, mwanangu?" baba mkubwa akacheka. "Humu hata mimi nimevaa koti!"

"Olewa tu," akadakia baba mdogo.

Mara ya mwisho tuliwaona matangani kwa mama, wakigombea mabati. Leo wamekuwa mabingwa wa sumaku.

Kwetu chakula cha kuaga hakiliwi kabla ya baraka. Nikafunika sufuria la ndizi, nikakalia kigoda mbele yake.

"Baba zangu, ndizi zinapoa."

Baba mkubwa akasimama, akaomba upesi kama anayefukuza kuku, akanyoosha sahani. Mdogo wangu alilia kwa furaha. Baraka za namna ile zilimtosha.

Ameshasafiri. Jirani bado ananidai siku yake ya kuchuma, na sijaenda.