Mpira wa Msumarini

Duka letu la vifaa vya baiskeli liko mtaa wa Alunguli, hapa Kindu, na ukuta wake wa nyuma umejaa misumari. Baba ndiye aliyeipigilia. Kila aina ya kitu alichouza, mnyororo, pedali, mpira wa ndani, kimoja alikitundika hapo, na hicho hakikuuzwa. Hata ungekuja na gunia la pesa angekujibu, "Hiyo njo ya musumari, ndugu yangu," yaani hiyo ndiyo ya msumari, haiuzwi. Kilikuwa cha mtu anayesukuma mgonjwa kwa baiskeli. Huyo alipewa bure, na sisi tulikuwa tumeongeza kidogo kwenye bei ya kila kitu ili msumari usikae mtupu. Watu walijua, na walilipa wakinung'unika.

Wakati wa vita treni haikuja tena, na mji ukaishi kwa baiskeli. Chumvi ilikuja kwa baiskeli, mchele wa Kibombo vilevile, na wagonjwa pia. Siku moja alifika mwanamume kutoka Lokandu, mkewe amefungwa kwa kitenge juu ya baiskeli asianguke, homa imemla. Mpira wa nyuma ulikuwa umechanika kwenye vali, pale ambapo kiraka hakishiki. Baba akashusha ule wa msumarini. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, nikapayuka, "Papa, njo wa mwisho huo!" Akanitazama kama hanijui. "Wa mwisho njo wake," akasema, akainama kuuingiza kwenye gurudumu.

Yule mwanamke alipona. Alirudi na samaki wakavu, tukala siku tatu.

Baba alipofariki duka likawa langu, na misumari nikaitunza. Kisha simu zikaja. Mteja anaingia, anashika mpira, anauminyaminya, halafu ananisukumia kioo cha simu usoni nione bei ya wauzaji wa mtandaoni. Jirani yangu mwalimu, tuliyezoeana naye miaka yote, ndiye aliyenikera zaidi. "Mama, unauza mpira ama dhahabu? Ona bei ya hawa!" Weee, nilikasirika! Nikamwambia, "Basi upande simu yako, ikufikishe shamba!" Akacheka, akaenda kuagiza.

Usiku ule sikula. Asubuhi nikamuuliza binti yangu, maana yeye ndiye anayewaagizia watu mtaani: hawa wanawezaje?

"Mama, hawana duka," akasema. "Wako na bohari kubwa huko mbali, mashine ndizo zinatembea ndani. Wananunua kiwandani kwa wingi mpaka mwenye kiwanda anaomba huruma. Kitu hakilali kwao, kikiingia kinatoka. Mwenzao akishusha bei, nao wanashusha siku ileile. Na wanaweza kuuza kwa hasara muda mrefu tu. Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Watu kama wewe wachoke."

Alisema hivyo huku anachambua mboga, wala hakuinua kichwa. Watu wasionijua, wasioijua Kindu, wamekaa mahali wananingoja mimi!

Nikachoka, ndiyo. Nilitafuta cha kupunguza. Kodi haipungui, usafiri haupungui. Kilichobaki ni msumari. Nikashusha kila kitu ukutani, nikakiuza, nikaondoa ile nyongeza, na wateja wakarudi wakinisifu. Nilifurahi, nakiri, na ninaona haya kusema hivyo. Baadaye nikaacha hata kuweka akiba ya vifaa dukani. Mtu akitaka kitu, binti anamuagizia.

Halafu habari za vita zikaanza tena, kwanza za mbali, kisha za karibu. Ndege inayoleta mizigo ikakosa kuja wiki moja, ikakosa ya pili. Mafuta yakaisha, pikipiki zikalala. Watu wakatoa baiskeli nyuma ya nyumba, zimeshika kutu, na nilipoziona zinapita barabarani nilianza kuogopa.

Mwalimu alikuja mchana, jua kali. Alikuwa anamsukuma mama yake mgonjwa kwa baiskeli kutoka shambani, amemfunga kwa kitenge, kichwa cha bibi kinaning'inia begani. Mpira ulikuwa umechanika kwenye vali. Uleule alioagiza kwa simu. Hakuuliza bei.

"Mama," akasema, "ile ya musumari."

Nilisimama. Mungu wangu, nilisimama tu. Binti alifungua simu haraka, kana kwamba ingesaidia, na mpira ulikuwepo pale kwenye kioo, bei imeshuka tena. Mwalimu hakuitazama. Alitazama ukuta, msumari mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alimfungua mama yake, akambeba mgongoni, akashika njia ya kivuko kuelekea hospitali ng'ambo ya mto, na kivuko ni mbali.

Baiskeli aliiacha mlangoni pangu. Iko pale mpaka leo, na hajaja kuichukua.