Mzee Aliyekataza Salamu Uwanjani

Habari ya kifo chake ilinikuta juzi kibandani kwangu Katandala, hapa Sumbawanga, nikibadilisha kioo cha simu ya dereva wa bodaboda. Dereva mwenyewe ndiye aliyenipa, tena kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya barabara tu: yule mzee wa visahani amefariki alfajiri, mazishi kesho mchana. Nikaweka bisibisi chini. Akaniuliza kama simu imeharibika zaidi. Nikamwambia hapana, simu nzima, nipe dakika. Wasomaji wangu mmezoea kunikuta kwenye safu hii nikicheka na kuota ndoto za mchana. Leo nivumilieni kidogo, maana nina jambo ambalo nilipaswa kulisema tangu masika ya mwaka jana, na aliyepaswa kulisikia hayupo.

Kwa asiyemjua, marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Miaka michache nyuma alikuja mgeni kufundisha hisabati, akatuonyesha mchezo wa kwao: unasimama mbali na kurusha kisahani cha plastiki ngumu mpaka kidondoke ndani ya kikapu cha chuma kilichozungushiwa minyororo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Mgeni alipoondoka akatuachia visahani. Vikapu hatukuwa navyo. Mzee akasikiliza maelezo yetu, akakuna kidevu, akaenda kuviunda kwa ringi za baiskeli na minyororo chakavu. Kila alichomaliza alikijaribu kwa kuning'inia mwenyewe, miguu juu, koti limempanda mabegani, akisema kisichoweza kumbeba yeye hakina haki ya kubeba sahani. Tukavisimika kwenye uwanja wa wazi wa mtaa, pale penye mikaratusi. Jamaa zetu wa mikoa mingine waliposikia walicheka sana, wakasema basi ndiyo yale yale ya uchawi, Sumbawanga sasa hata sahani zinaruka mchana kweupe. Tukacheka nao na kuendelea kurusha. Mimi nilikwishaota mashindano ya taifa yakifanyika hapa kwetu, wageni wakishuka kwenye mabasi wakitetemeka kwa baridi yetu na kuulizana makoti yanauzwa wapi.

Uwanja ule una njia ya miguu inayoukata katikati, ya watu wanaotoka mashambani kwenda sokoni. Njia ilikuwepo kabla yetu, na uwanja ni mwembamba, hatukuwa na pa kuihamishia. Tena inapita kwenye kibonde, kiasi kwamba ukiwa sehemu ya kurushia kikapu cha tatu unaona vichwa tu vya wapitao, na mizigo yao. Hatukuona shida. Kanuni yetu ilikuwa moja: vichwa vikiisha, rusha. Mzee alipenda kukaa kando ya njia hiyo hiyo kwenye kigoda chake, maana hapo ndipo watu walipokuwa, naye alipenda watu kuliko sisi tulivyopenda visahani. Kila aliyepita alimwamkia, naye mzee akamuuliza habari za mahindi, za ulezi, za mjukuu wa huko Chala. Na nyinyi mnajua kwetu Ufipa mama hamwamkii mtu mzima huku anatembea kama anayekimbiza basi. Anasimama, anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, ndipo maneno yanafuata.

Siku ile ilikuwa zamu yangu pale kikapu cha tatu. Nikaona mama mmoja anakuja na beseni la maharage kichwani. Nikasubiri. Beseni likatembea, likafika usawa wa kigoda cha mzee, likatoweka. Nikajua amepita. Kumbe alikuwa amechuchumaa na beseni lake kichwani, kama wanavyoweza mama zetu, anapiga makofi ya shikamoo. Upepo wa kwetu mnaujua, ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao, makofi sikuyasikia. Nikarusha. Kisahani kikaenda vizuri mno, naapa sijawahi kurusha vizuri vile, na kikamkuta yule mama juu ya jicho. Tulipofika mbio, maharage yalikuwa yametapakaa kwenye nyasi, na mzee amepiga magoti akimbana jeraha kwa leso yake. Tulikuwa vijana wanne, kila mmoja ameshika kisahani. Mimi nilikuwa nimeokota kingine njiani, hata sijui kwa nini. Mama akapelekwa zahanati akashonwa nyuzi tatu. Jicho, Mungu ni mwema, likapona.

Baada ya siku mbili akaja ofisa anayesimamia uwanja, na faili lake kwapani. Hakuja kwa ukali, siwezi kumsingizia. Alisema uwanja ni wa umma, mtu akiumia anayeulizwa ni yeye, na yeye hajui hata jina la mchezo wenyewe. Kwa hiyo apewe jina la mtu mzima atakayewajibika na kuweka tahadhari, la sivyo tung'oe vyuma vyetu. Halafu akauliza nani alirusha. Tukatazama viatu vyetu. Nilihesabu matundu ya kamba kwenye raba zangu, nikaanza upya.

"Vikapu nimechomelea mimi," mzee akasema. "Andika jina langu."

"Mzee wangu, nimeuliza aliyerusha."

"Na mimi nimekujibu."

Akaweka sahihi pale pale, faili limelazwa juu ya kikapu. Wiki nzima iliyofuata tulifanya kazi naye. Tukasogeza sehemu ya kurushia karibu zaidi na njia ili tuone kibondeni vizuri zaidi, tukafyeka nyasi, tukatundika ringi ya gari kwenye mkaratusi ili mtu aigonge kabla ya kurusha, kama kengele ya shule. Akaandika kibao kwa rangi ya mageti: WAPITAJI MSISIMAME HAPA. Tulipokuwa tunachimba shimo la nguzo yake, yeye na mimi peke yetu, akaniambia bila kuniangalia: "Usihesabu vichwa tena, kijana wangu. Watu wetu wakiheshimu, hawaonekani." Nikasema ndiyo mzee. Alikuwa ameniachia mlango wazi kabisa, na mimi nikaendelea kuchimba.

Badiliko la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, na ndilo lililomgharimu. Aliona kibao hakitasaidia kitu yeye akiwa bado amekaa pale. Nani angempita mtu mzima bila kumwamkia kwa sababu ya ubao? Akabeba kigoda chake hadi nyuma ya mikaratusi, upande ambao hapiti mtu. Wa kwanza kumfuata kwa salamu kutoka njiani aliwakatiza kwa mkono: piteni, piteni, msinisalimie hapo. Hebu fikirieni maneno hayo yakitoka kwa mtu mzima wa hapa kwetu. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti tangu lini shikamoo ikawa mzigo, na toka siku hiyo akawa anazunguka njia nyingine. Mtaani wakasema kujaza jina kwenye karatasi kumempandisha kichwa, siku hizi ni bosi. Mimi niliyasikia yote hayo kibandani, wateja wakiyacheka, nami nikainamia simu zao. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kuwaambia. Hata yeye nikaacha kumzungukia huko nyuma ya miti. Nikifika uwanjani nilimpungia mkono kwa mbali kama mtu mwenye haraka, na yeye akanipungia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaanza kutembea.

Jana kwenye mazishi yule mama alikuja. Kovu lake juu ya jicho ni dogo, lakini kwangu lilikuwa kubwa kuliko jeneza. Tulipokaa kwenye majamvi nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba hana kinyongo, amekuja kumsamehe marehemu, ila kimemuuma kitu kimoja. Mtu mchezo wake umekupasua, halafu kila ukipita anakufukuza kwa mkono hata salamu yako haitaki. Angesema samahani tu, yakaisha. Kumbe mwaka mzima aliamini kosa lilikuwa la mzee, maana jina lake ndilo liko kwenye faili, na kwamba alimkimbia kwa aibu.

Nikasogea, nikachuchumaa mbele yake. "Shikamoo mama. Aliyerusha ni mimi."

Hakuitikia marahaba. Nilitegemea kofi, na nilikuwa nalistahili. Akasema, "Kesho asubuhi utanipeleka uniambie ulisimama wapi."

Leo tumekwenda. Nikasimama pale pa zamani, yeye akashuka njiani na beseni tupu kichwani. Hapakuwa na upepo. Beseni likatembea hadi mahali kigoda kilipokuwa, likatoweka. Nikaona nyasi tu. Kisha nikasikia makofi, taratibu, moja baada ya lingine, kutoka mahali ambapo macho yangu yangeapa hakuna mtu. Alipopanda kuja kwangu alikuwa analia. Akasema, "Basi kumbe mzee alikuwa ananikinga, na mimi nikamwita mwenye kiburi." Tukaenda wote nyuma ya mikaratusi, tukakikuta kigoda kimepigwa na umande, akakifuta kwa khanga yake.

Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba karatasi ya tahadhari ikisainiwa kuna mtu anayeilipia kwa kitu anachokipenda, na mara nyingi hakuna anayemwona akilipa. Na kwamba si kila aliyeikataa salamu yako amekukataa wewe. Mchana huu nimekwenda kwa yule ofisa, nikamweleza aliyerusha ni nani, nikamwomba faili. Amenitazama juu mpaka chini, kisha akanipa kalamu, na jina langu sasa liko chini ya lile la mzee. Kwa hiyo wewe unayenisoma, ukipita njia ile ukaniona, usiniamkie ukiwa hapo. Pita kwanza. Zunguka mikaratusi uje huku nyuma, nitakuwa nimekaa, na salamu yako nitaipokea yote.