Jiwe la Kuanikia Michembe

Sikusoma zaidi ya darasa la saba, na mambo ya hali ya hewa nayajua kwa ngozi na kwa chakula tu. Kwa hiyo nikisema upepo umebadilika, huenda nakosea. Huenda ni mimi niliyehama. Nilitoka kijijini kwa mama, nikaolewa huku Mwakitolyo kwenye machimbo ya dhahabu, na mtu aliyehama hana haki kubwa ya kuulalamikia upepo wa alikotoka.

Ila habari ya jiwe naijua vizuri.

Nyuma ya nyumba ya mama kuna kilima cha mawe. Si mlima. Watu wa mikoa yenye milima wakikiona watacheka. Juu yake kulikuwa na jiwe pana lililolala, na wanawake wa kijiji walianika michembe hapo tangu kabla sijazaliwa. Michembe ni viazi vitamu: unavimenya, unavikata vipande vyembamba, unavianika vibichi mpaka vinakuwa vyeupe na kuvunjika kwa kidole. Ukiihifadhi vizuri unaipika na karanga au maharage miezi ya njaa, na mwaka unapita. Kila mwanamke alikuwa na mahali pake pale juu. Hapakuwa na alama, lakini palijulikana, na ukianika pa mwenzio ulisikia maneno.

Kwa nini juu ya jiwe? Hakuna aliyenifundisha, naandika nilivyoelewa mwenyewe. Chini kwenye mbuga udongo ni mweusi, unashika maji, na hata kiangazi asubuhi umande unakulowesha miguu. Ukipanda kilima hicho, ambacho mtoto anakipanda bila kupumzika, unakuta hewa nyingine. Mwezi wa sita na wa saba tulikuwa tunapanda tumejifunga kanga mbili kwa baridi. Upepo haukatiki, jua halichomi, jiwe linapata moto polepole na usiku linabaki na uvuguvugu wake, basi umande haukai. Vipande vinakauka hadi moyoni. Hatua chache za kupanda, na ni kama umeingia wilaya nyingine.

Mwaka huu mahindi ya mama yalikauka kabla ya kubeba. Mvua ilianza mapema, ikakata, ikarudi wakati haina kazi tena. Vikabaki viazi. Chakula chake chote mpaka mavuno mengine kilikuwa ni hivyo viazi, hakuna kingine, na mume wangu nami hatukuwa na cha kumpa cha maana. Nikaenda kumsaidia kukata.

Tulipopanda na mabeseni kichwani, jiwe halikuwepo. Niseme haki: nusu ilikuwepo. Nusu nyingine ilikuwa imechomewa matairi ipasuke, na wanawake walikuwa wamekaa chini ya vivuli vya magunia wanaponda kokoto. Lori lilisubiri chini. Kokoto zinakuja huku kwetu, kwenye maduka na nyumba za wageni zinazoota kila mwezi. Hata msingi wa nyumba yetu ni wa kokoto, na sijui zilitoka kilima gani.

"Shikamoo mayu," mmoja alimwamkia mama, kama anavyomwita mama yake mzazi, nyundo haijasimama.

"Marahaba. Mmeniachia wapi?"

"Hapo ukingoni, mayu. Tumekufagilia kabisa."

"Kwenye majivu ya tairi?"

"Si itakuwa michembe ya kukaanga hiyo! Mjini wanaipenda."

Wakacheka wote, na mama akacheka, maana walikuwa watoto wa majirani, wengine aliwahi kuwabeba mgongoni. Halafu mmoja mwenye mtoto anayenyonya akasema bila kucheka, "Mayu, na kwetu mahindi yalikauka. Ulitaka tule upepo?"

"Kuleni jiwe," mama alimjibu. "Mmeshaanza."

Hakumjibu kwa ubaya. Lakini sijui yule dada alisikiaje.

Tulianika ukingoni. Kufikia mchana vumbi la kokoto lilikuwa limetua juu ya vipande, jeupe juu ya vyeupe, huwezi kulitofautisha kwa macho. Mama alitafuna kimoja akatema mchanga. Ndipo akakumbuka paa langu.

"Ng'wanone, mwanangu, lile bati lako linachoma mkono," alisema. "Siku moja tu itakuwa imekauka."

Nami niliona ni akili nzuri. Bodaboda akatubebea magunia ya vipande bado vibichi.

Mji wetu, kama ni mji, ni bati na tofali. Miti ilikatwa yote kwenda kuegemeza mashimo ya dhahabu yasibomoke, na siwezi kuisema vibaya kazi hiyo, maana bila magogo yale watu wangefia chini, na mume wangu alikuwa mmoja wa waliokuwa chini. Lakini pamebaki pakavu. Upepo ukifika unakuwa umeshapita juu ya mabati mengi, unakuja moto. Mwezi uleule ambao kwa mama tulijifunga kanga mbili, hapa nilikuwa nalala mlango wazi.

Mume wangu akaleta ngazi, tukamwaga vipande juu ya bati. Adhuhuri vilikuwa vimejikunja, pembeni vimeingia rangi ya kahawia. Mama alivigonganisha vikalia. Alifurahi kweli.

"Mji wenu basi una faida moja," akamwambia mkwewe.

"Moja tu, mama?"

"Nyingine sijaiona. Nitafutie."

Jioni tukajaza magunia, naye akarudi kwake.

Mwezi wa nane ikanyesha mvua moja. Sisi mwezi wa nane hatuna mvua. Haikuwa kubwa, na nyumba ya mama haikuvuja, lakini kwa siku kadhaa hewa ilikuwa nzito kama ya masika. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kosa lilikuwa la bati. Huenda ni mvua. Huenda ni yote mawili. Nilipokwenda kumwona, harufu ilinipokea mlangoni kabla yake.

Tulifungua gunia la kwanza. Kipande kwa nje kilikuwa kigumu, kizuri. Mama akakivunja. Ndani kilikuwa kijivu, kina nyuzinyuzi. Moto wa bati ulikuwa umekausha ngozi na kufungia maji ndani, hivyo ndivyo ninavyofikiri. Akavunja kingine. Akafungua gunia la pili, akapeleka mkono mpaka chini kabisa, akatoa cha huko, akavunja. Aliendelea kuvunja hata pale ambapo hapakuwa na haja tena. Tuliimwaga yote uani. Kuku waliichakura wakaiacha.

Nikamwambia, "Mayu, twende ukakae kwangu."

Nilikuwa nimejiandaa. Miaka yote nikimwomba hivyo ananitukania nyumba, anasema hawezi kwenda kulala ndani ya sufuria, na mimi namjibu, naye ananijibu, mpaka tunacheka. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilitaka abishe.

"Haya," alisema.

Akakung'uta magunia, akayakunja vizuri, akaenda kutafuta jirani wa kumwachia kuku. Hakupanda kilimani kuaga wale wanawake, ingawa nyundo zilisikika mpaka uani.

Tulifika kwangu alasiri. Alichungulia ndani, akarudi nje, akaketi kwenye kigoda ubavuni mwa ukuta, kwenye ukanda mdogo wa kivuli. Aliweka kiganja ukutani akakiondoa haraka. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mgeni anayeuliza choo kiko wapi:

"Hii nyumba inapoa saa ngapi?"

Sikutaka kumdanganya.

"Usiku wa manane, mayu. Siku nyingine haipoi."

Akaitikia kwa kichwa. Kivuli kilikuwa kinahama, naye akasogeza kigoda kukifuata.