Paka-Mwitu Wangu Alivyobaki Heathrow

Aibu yangu imeshatembea Walthamstow nzima hapa London, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi.

Baba mkwe wangu, askari wa wanyamapori mstaafu kule Arusha, alinialika tukawinde pofu, yule swala mwenye mwili wa ng'ombe dume. Alitaka kuona kama binti yake aliolewa na mwanamume au na picha ya mwanamume (maneno yake hayo), akaniagiza kitu kimoja tu: "Njoo na bunduki ya mia tatu sabini na tano, risasi zake huku zipo." Hicho ndicho kipimo cha mtutu na risasi zake. Sasa mimi nina kibali, niko kwenye klabu ya shabaha, nikaona hiyo ya mzee ni ya kila mtu, nikachagua paka-mwitu. Ndivyo wazungu wa klabuni wanavyoziita risasi za kujitengenezea: unachukua ganda la ileile mia tatu sabini na tano, unalibana shingo, unalitia kichwa chembamba kidogo kiende mbio zaidi, na bunduki unaiwekea mtutu wake maalumu.

Mke wangu Neema akauliza, "Baba kasema nini, na wewe unafanya nini?" Nikamjibu hayo ni mambo ya kitaalamu.

Heathrow nilisindikizwa na nusu ya kanisa, mchungaji akaiombea hata bunduki ndani ya sanduku lake. Pale kaunta dada mmoja wa Mombasa akatazama kitako cha ganda, akatazama karatasi yangu, akarudi kwenye kitako. "Kaka, chapa yasema mia tatu sabini na tano, karatasi yasema kitu chengine. Ni risasi gani hizi?" Nikaanza kueleza habari za shingo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo polisi walivyoongezeka, mpaka Neema akasema, foleni nzima ikasikia, "Nyamaza, mtaalamu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bunduki ikaruhusiwa, risasi zikabaki. Arusha hakuna duka lililowahi kuzisikia, na za mzee haziingii kwenye mtutu wangu. Baba mkwe akaigeuzageuza bunduki, akasifu mbao zake, kisha akanikabidhi dumu la maji. Nikatembea nyuma porini na dumu langu begani, na pofu akaangushwa na ile ya kila mtu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nimeumia bega tu. Sirudii tena: mzee akisema njoo na manati, nakuja na manati. Ila kila Jumapili akipiga simu, kabla ya salamu nyingine yoyote, namsikia akimuuliza Neema, "Mbeba maji wetu hajambo?"