Matope kwenye Kucha za Skola

Juzi, karibu na soko la Ifakara, nilipitwa na baiskeli iliyobeba mafungu ya miche ya mpunga yakichuruzika matope. Harufu ya matope yale ilinirudisha kidato cha pili, kwa rafiki yangu Skola.

Mwalimu alikuwa ametupa kazi ya wawili wawili: kuotesha mpunga kwenye makopo nyuma ya darasa, kila mmoja kopo lake; mwenzangu alikuwa Skola. La kwangu nililimwagilia maji yaliyooshewa samaki wa chumvi, nikiamini ni mbolea, wala sikumwambia mtu. Mche wangu ulinyauka, ukasimama tena, ukanyauka upya. Siku hizohizo nikaona matope kwenye kucha za Skola. Nilipomtazama alikunja vidole. Nikajua ni yeye anayeuua.

Mchana mmoja, wenzetu wakila, nilijibanza pembeni ya ukuta nikimvizia. Alikuja na mfuko, akamwaga udongo wote wa kopo langu.

"Leo nimekukamata," nilisema.

Hakushtuka. Alitoa mche mbichi mfukoni. "Huu ni wa tatu naung'oa kitaluni kwa mama. Yote inakufia. Na udongo wako unanuka samaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ninaiua mimi."

Nilichuchumaa kando ya kopo. Asubuhi ile nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima maneno hayohayo.

Leo najua chumvi inavyoua mpunga. Mchana ule nilichoweza ni kuushika mche ukae wima, Skola akiufukia kwa vidole vyake vya matope.