Kumwonjea Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama ukweli mbele ya wifi yake. Mama alikuwa ameugua homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na uwezo wake wa kusikia harufu. Ladha nayo ikapotea karibu yote. Ijumaa hiyo alipika pilau kwa mara ya kwanza tangu apone. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Matrah, kule pwani, kama kila Ijumaa, tukakaa chini kuzunguka sinia. Mama akauliza, "Imekaaje?" Baba akasema nzuri. Mimi nikasema chumvi imezidi na bizari hazisikiki.

Shangazi akacheka. "Kumbe leo wifi katupikia bahari."

Mama naye alicheka, lakini wiki zilizofuata hakupika. Baba akawa anapitia mkahawani akitoka kazini, tukala wali wa kununua. Mama, ambaye jiko lilikuwa lake tangu aolewe, alikaa sebuleni na simu mkononi, akingojea chakula kama mgeni.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikiandika ujumbe wa mstari mmoja kazini huusoma mpaka maneno yanapoteza maana. Uongo, hata mdogo, hunikosesha usingizi. Chuoni, kwenye masomo ya dini, nilifundishwa kwamba uongo wa kusuluhisha watu una ruhusa yake, ila mimi nilitaka mipaka: uongo gani, kwa nani, mpaka wapi. Nikaanza kutafuta mwenyewe kwenye simu, bila mwalimu, na kutafuta kukanifikisha kwa wanazuoni wa kale wa Kiyahudi, waliolibishania jambo hili kwa undani nilioutamani. Baba aliponiuliza nasoma nini, nilimjibu, "Mambo ya akhlaki, tabia njema." Ilikuwa kweli, na nilijua ninaficha nini. Kwa habari za vita za siku hizi nisingeweza kuwataja Wayahudi sebuleni kwetu.

Walibishana juu ya bibi harusi asiye mzuri wa sura: asemwe alivyo, au asemwe ni mzuri? Waliotaka asifiwe walitoa hoja ya sokoni. Mtu akishanunua kitu kibaya, kisifie mbele yake, maana yamekwisha. Na kumwaibisha mtu mbele za watu walikuweka jirani na kumwaga damu. Niliposoma hapo nililiona sinia letu. Pilau ilikuwa imeshapikwa, na ukweli wangu haukuokoa hata punje.

Palikuwa na kisa kingine, cha mke aliyempikia mumewe kinyume cha alichoagiza. Mtoto wao akawa anayageuza maagizo njiani ili baba apate anachokitaka. Baba alipogundua alifurahi, kisha akamkataza, asije akauzoesha ulimi uongo. Hicho nilikisoma haraka haraka. Sikukipenda.

Nikamwambia mama kwamba nimeitamani pilau yake. Akarudi jikoni, na akanipa kazi: kabla hajaepua chungu, mimi nionje.

"Wewe husitiri," alisema. "Ndo maana nnakuita wewe. Baba yako kwake kila kitu kizuri."

Mwanzoni nilisema kweli. Ongeza ndimu, punguza chumvi. Lakini kila nilipotaja kasoro, uso wake ulishuka na mkono ukasita juu ya chungu, nami nikaanza kupunguza. Kasoro zikiwa mbili nilitaja moja. Halafu nikawa nasema tu, "Iko sawa, mama." Shangazi alikula bila neno, na mama akaanza tena kuimba akiosha vyombo. Nilijiambia hiyo ndiyo amani.

Ijumaa moja alipika samaki wa nazi. Tui alilikamua jana yake akalisahau nje ya friji, na kwetu Al Amerat, katikati ya milima, joto halipungui hata usiku. Akanipa kijiko.

"Hebu onja. Nnaogopa limechacha."

Lilikuwa limechacha. Nje nilisikia mlango wa gari la shangazi ukifungwa. Tui lilikuwa bado halijaingia chunguni, na kwa yote niliyoyasoma, hapo ndipo ukweli ulipokuwa wajibu. Nilimtazama mama, mikono imejaa thomu aliyokuwa akiitwanga, ananitegemea.

"Zuri," nikasema.

Shangazi alitia tonge moja mdomoni. Nilingojea mzaha, na afadhali angetania. Alitema taratibu kwenye kiganja, akaliondoa bakuli mbele ya baba, akasema, "Wifi, tusile hiki. Pole." Alisema kwa huruma, na niliona huruma ile ilivyomuumiza mama kuliko kicheko.

Mama akanigeukia. "Si ulionja?"

"Nilionja."

"Ukajua?"

"Nilijua, mama."

Akajifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Mara ile uliniaibisha, lakini nikajua nna mtu wa kuniambia. Sasa hizi Ijumaa zote nyengine, mie sijui nimewalisha watu nini."

Nimemwomba radhi, naye amesema yameisha. Anapika bado. Siku hizi anayemwonjea ni shangazi, na Ijumaa anakuja mapema kwa ajili hiyo. Mimi siitwi tena jikoni.