Moyo Mwekundu wa Bwana Ombati

Nichekeni taratibu, maana siku hizi naingia ofisini kwa mlango wa nyuma. Mimi ni mpiga taipu hapa Nyamira. Mkubwa wetu, Bwana Ombati, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile cha Wazungu, alipopata uhamisho nilijitolea kumtengenezea albamu ya kumuaga. Sikuwahi kutengeneza albamu maishani, ila nilikuwa nimepekua jarida moja la Kizungu, nikajiona fundi.

Ndugu yake aliniletea picha za nyumbani. Nikapika gundi ya unga wa ngano, nikashika mkasi. Katika picha ya harusi ya jirani, Bwana Ombati alisimama upande mmoja, na upande wa pili mama mmoja maridadi mwenye kofia. Nikajiambia, huyu ndiye mkewe. Katikati yao alikuwapo mwanamke aliyebeba sinia. Huyo nikamkata, nikamtupa. Wale wawili nikawabandika shavu kwa shavu ndani ya moyo wa karatasi nyekundu.

Siku ya kuagana, Bwana Ombati aliifungua albamu mbele ya wageni, akaifunga haraka. Mwanamke aliyeketi kando yake akamnyang'anya, akaifungua. Nilimtambua papo hapo: yule wa sinia.

"Nani katengeneza hii?"

"Ni mimi, mama," nikanong'ona.

"Wewe si Mgusii? Mtu na mama mkwe wake hata mkono hawapeani, nawe umemkumbatisha mume wangu na mama yangu!"

Kwenye safu ya mbele, yule mama mwenye kofia aliinuka, akajifunika uso kwa leso, akauzunguka ukumbi mzima kuufikia mlango, asipite mbele ya mkwewe.